Chura Anahitaji Joto, Si Moto

Wamama wapendwa, juma hili tunawaandikia juu ya chura. Tunajua wengine mtacheka na kusema: walimu hawa wamekosa habari, bei ya pondu sokoni imepanda nao wanatuletea chura. Mtuvumilie kidogo. Habari hii ilianza na chura, lakini ilikaribia kumalizika na watoto watatu wa mama mmoja wa hapa Masako. Na kosa la kwanza lilikuwa letu sisi walimu.

Mambo yalikuwa hivi. Darasani tulikuwa katika somo la maisha ya chura: yai, mtoto mwenye mkia, miguu ya nyuma, miguu ya mbele, kisha chura kamili. Mvua zilikuwa zimeanza vizuri, na vidimbwi vya pembeni ya barabara ya Buta vilikuwa vimejaa watoto wa chura. Tukawaruhusu wanafunzi kuleta wachache katika bokali, tuwatazame wakikua.

Juma lile lile tukapata ujumbe wa sauti kwenye telefone. Ulitoka kwa mdogo wetu, mmoja wa mabinti wa hapa, ambaye anaishi Liège, Ubelgiji. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amepewa zawadi ya vyura wawili wadogo ndani ya tangi la kioo. Alituambia hivi: “Ba yaya, ninyi ni walimu, mnisaidie. Muuzaji amesema maji yasishuke chini ya digrii 24, vyura watakufa. Na huku ni wakati wa baridi, usiku nyumba inashuka hadi 18. Nifanye namna gani? Niweke tangi juu ya chuma cha kupasha nyumba? Ninayo pia rezistansi ya kuchemsha maji ya kuoga, naweza kuitia humo?”

Tuliona ni jambo la kufurahisha, tukawasikilizisha wanafunzi. Darasa zima likacheka kusikia kwamba chura wa Kongo anatetemeka Ulaya. Tukawaambia: ndiyo, chura akikosa joto anaugua. Kisha kengele ikalia, tukafunga somo.

Mwanafunzi mmoja hakucheka. Alichukua bokali lake na kurudi nalo nyumbani. Jioni mvua ikanyesha na hewa ikapoa kidogo. Mama yake alikuwa amekwenda kwenye matanga kwa jirani. Mtoto akaona mbabula ina makala mekundu yaliyobaki baada ya kupika. Akaibeba, akaiingiza katika chumba cha kulala, akaweka bokali ukingoni mwake, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Akalala pale pamoja na wadogo zake wawili.

Mama aliporudi hakusikia harufu yoyote wala hakuona moshi. Aliita, hakuna aliyeitika. Aliwakuta wamelegea, mkubwa akishika kichwa, mdogo kabisa akitapika. Akawavuta nje mmoja mmoja, majirani wakasaidia, wakapelekwa kituo cha afya kwa pikipiki. Wamepona wote watatu. Watoto wa chura walikuwa wamekufa wote ndani ya maji ya moto.

Asubuhi yake mama yule alikuja shuleni na bokali tupu mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: “Mwalimu, mlimwambia mtoto kwamba chura anahitaji joto. Mlimwambia joto gani?”

Hatukuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu letu kwake, kwa mdogo wetu wa Liège, na kwenu nyote.

CHURA NA JOTO LAKE

Mwili wa mtu unajitengenezea joto. Iwe mvua, iwe jua, ndani yetu tunabaki karibu na digrii 37, na tukipita hapo tunasema mtoto ana homa. Chura hana moto huo wa ndani. Mwili wake unafuata joto la maji au la hewa anamokaa. Maji yakipoa sana, anapunguza mwendo, hali vizuri, chakula kinakaa tumboni bila kusagwa, na ugonjwa unampata kwa urahisi. Maji yakipata joto kupita kiasi, hewa iliyomo ndani ya maji inapungua na mwili wake unachoka upesi. Mtoto wa chura anayepumulia ndani ya maji ndiye anayeumia mbele ya wote.

Ngozi yake pia ni tofauti na yetu. Ni nyembamba na yenye unyevu, na maji yanapita ndani yake. Ndiyo sababu kitu cha moto ambacho sisi tungekigusa na kuondoa mkono, yeye kinamchoma vibaya.

Wale vyura wa Liège, tulipotumiwa picha, tuliwatambua. Kwa jina la kitaalamu ni Hymenochirus. Wana urefu wa sentimeta tatu au nne tu, hawana ulimi, na miguu yote minne ina utando katikati ya vidole kama ya bata. Wanaishi ndani ya maji maisha yao yote, ila wanapanda juu kila mara kuvuta hewa, kwa kuwa wana mapafu kama sisi. Kwao ni misitu ya Afrika ya Kati, katika maji yaliyotulia chini ya majani, toka Nijeria na Kameruni mpaka mashariki ya Kongo. Wataalamu wa Ulaya waliwaandika kwa mara ya kwanza mwaka 1896. Leo wanafugwa katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na wengi wanaouzwa huko wamezaliwa huko huko kwa wafugaji.

Wana jamaa yao mkubwa wa Afrika ya Kusini, Xenopus, ambaye wamama mngependa kumjua. Toka miaka ya 1930 mpaka karibu miaka ya 1960, hospitali nyingi za ng'ambo zilimtumia kupima mimba. Alidungwa sindano ya mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai kabla ya siku moja kupita, walijua mama ana mimba. Kwa hiyo chura katika tangi la kioo si mchezo wa jana.

HAPA KWETU HAKUNA HAJA YA KUPASHA

Hili ndilo jambo tulilosahau kumwambia mwanafunzi wetu. Kisangani tuko karibu kabisa na ikweta. Wastani wa joto letu ni digrii 25 hivi, mwaka mzima, na hata usiku wa mvua ni nadra kushuka sana chini ya 20. Muuzaji wa Ulaya akisema “digrii 24 mpaka 26”, anataja hali ya maji ya kwetu. Mashine wanayonunua huko inajaribu kuiga kivuli cha msitu kama huu wetu wa Masako, ndani ya kona ya mto Tshopo.

Baada ya mambo yale tuliweka kipimajoto ndani ya besani la darasa. Asubuhi tulisoma 24, mchana 26. Hakuna aliyepasha maji yale. Msitu na paa la shule vilitosha.

Kwa hiyo mtoto wako akileta chura au watoto wa chura nyumbani, hatari ya hapa kwetu ni joto kuzidi. Bokali la lita moja likiachwa juani linapata moto upesi sana, kwa kuwa maji machache hayana subira. Tumia besani pana, liweke kivulini, weka majani na jiwe la kupandia kwa wale walioota miguu. Badilisha maji mara kwa mara, tena yawe maji ya kidimbwi au ya mvua, maana dawa inayotiwa katika maji ya bomba inaumiza ngozi yao. Usiliache besani liwe nyumba ya mbu. Na baada ya siku chache, mtoto awarudishe pale pale alipowachota, si katika kidimbwi kingine, kwa kuwa vyura wana magonjwa yao yanayosafiri kwa maji.

JIBU KWA MDOGO WETU WA LIÈGE

Kwake mambo ni mengine. Nyumba ikishuka hadi 18 usiku, vyura wake wanahitaji msaada kweli. Tuliketi na walimu wenzetu, tukamwuliza na fundi wa umeme, na tukapiga hesabu.

Kwanza, ile rezistansi ya kuchemsha maji ya kuoga: hapana, hata kwa dakika moja. Tazameni hesabu tuliyoifanya na darasa la sita. Kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja kunataka nguvu ya juli 4.200 hivi. Tangi lake lina lita 20, basi ni juli 84.000. Rezistansi ya wati 1.000 inatoa juli 1.000 kila sekunde. Maana yake inapandisha tangi zima digrii moja kwa sekunde 84. Ukienda kufungua mlango na kuzungumza na mgeni nusu saa, maji yametoka 19 yamefika 40. Tena haina kitu cha kuizima, na mtoto akitia mkono ndani ya maji, umeme unaweza kumwua.

Pili, kuweka tangi juu ya chuma cha kupasha nyumba: hapana. Chuma kile kinapata moto jioni, kinapoa usiku, kinapata moto tena asubuhi. Chura atapanda na kushuka nacho kila siku, na kioo kinaweza kupasuka.

Tatu, taa ya moto juu ya tangi: hapana. Inakausha na kupunguza maji, inachoma kifuniko, na vyura hawa wanapenda kivuli.

Nne, mkeka wa umeme chini ya tangi. Huo unatumiwa na watu wanaofuga vyura wa nchi kavu, na hata wao wanashauriwa kuubandika ubavuni mwa tangi, wala si chini, na kuufunga kwenye termostati. Chura wa udongo akisikia joto anachimba kwenda chini atafute baridi, na kama moto uko chini, anachimba kuelekea moto. Kwa vyura wa maji kama wake, mkeka hautoshi.

Tano, kifaa kidogo cha kupasha maji ya tangi, kinachozama ndani, chenye termostati. Ndicho hicho tulichomshauri. Termostati ni kama mpishi anayeangalia chungu: maji yakifika 25 inazima, yakishuka inawasha. Kwa lita 20 wati 25 zinatosha. Hesabu ile ile inasema kwamba wati 25 zinachukua karibu saa moja kupandisha digrii moja tu. Wanafunzi walisema ni kidogo mno. Tukawajibu kwamba polepole hiyo ndiyo usalama wenyewe. Hata kikiharibika na kukataa kuzima, unapata muda wa kuona na kuchomoa prizi.

Tukamwongezea masharti, nayo tunayaandika hapa kwa kila mama mwenye ndugu huko:

1. Kifaa kiwe na kizimba cha plastiki chenye matundu madogo. Vyura hupenda kuegemea mahali pa joto, na kioo kitupu kinawachoma.

2. Kizame chote ndani ya maji. Maji yakipungua na kioo kikabaki nje kikiwa cha moto, kinapasuka.

3. Kabla ya kubadilisha maji au kutia mkono, chomoa prizi, ngoja nusu saa kipoe. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, si ya mtoto.

4. Waya ushuke kwanza chini ya prizi, kisha upande kuingia. Tone la maji likifuata waya litadondoka sakafuni, halitaingia ndani ya umeme.

5. Mwulize fundi kama nyumba ina kikata-umeme cha miliamperi 30, kile kinachozima upesi umeme ukivuja.

6. Weka kipimajoto cha pembeni, usiamini namba iliyoandikwa juu ya kifaa. Kiwashe siku nzima bila vyura, usome asubuhi, mchana na usiku. Maji yakibaki kati ya 24 na 26, ndipo uwatie.

7. Tangi liwe na kifuniko, kwa sababu wanaruka nje na kukauka. Lakini acha nafasi ya hewa juu ya maji, la sivyo watakosa pumzi.

8. Umeme ukikatika, usikimbilie moto. Funika ubavu wa tangi kwa blanketi, tia ndani chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa vizuri. Lita 20 hazipoi mara moja.

Akauliza pia kama tunaweza kumtumia vyura wengine wa kwetu. Tukakataa. Wa msituni waachwe msituni. Na wa kwake wasiachiliwe kamwe katika mto wa huko, hata mtoto akichoka nao.

MBABULA NDANI YA CHUMBA

Sasa turudi kwa mama yule na bokali tupu. Makala yanayowaka bila moshi yanaonekana kuwa safi. Si kweli. Yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiumizi macho. Ikiingia katika damu inashika nafasi ya hewa nzuri, na mwili unasongwa mtu akiwa anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtu anadhani ni malaria au uchovu, analala, na hapo ndipo anapotea.

Wamama, tunajua mbabula inaingizwa ndani kwa sababu nyingi: mvua imenyesha, mtoto mchanga ameogeshwa, nguo za shule hazijakauka, vifaranga vimetotolewa. Hakuna sababu hata moja inayofanya gesi ile iwe na huruma. Dirisha la kufungua kidogo halitoshi. Makala yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa gesi. Mbabula ilale nje, chini ya paa la jikoni, mbali na mikono ya watoto. Na mtu akikutwa amelegea katika chumba chenye makala, mtoe kwanza kwenye hewa, kisha mkimbize kwenye kituo cha afya hata kama ameamka na kusema amepona.

Kwa mtoto mchanga, ngozi ya mama na kitambaa kikavu ni joto bora kuliko makala. Kwa vifaranga, ambavyo juma la kwanza vinataka digrii 32 mpaka 35, jaza maji ya moto katika chupa, ifunge, izungushie kitambaa, iweke ndani ya sanduku lenye matundu. Kisha vitazame: vikirundikana juu ya chupa, vinasikia baridi, vikiikimbia na kufungua midomo, joto limezidi, vikitawanyika na kula, umepata kipimo. Kazi ni ile ile ya tangi la Liège. Joto liwe dogo, lipimwe, na mtu alitazame.

MIKONO

Jambo la mwisho, na ni la wamama wenye watoto wadogo. Chura mzima kabisa anaweza kubeba kijidudu cha salmonela, kinacholeta kuharisha na homa. Huko Marekani, kati ya mwaka 2009 na 2011, zaidi ya watu 200 waliugua kwa sababu ya vyura hawa hawa wadogo wa tangi, na wengi wao walikuwa watoto. Baadhi hawakugusa chura, waligusa maji ya tangi tu. Kwa hiyo: sabuni na maji baada ya kugusa chura, besani au kipimajoto. Maji ya chura yasimwagwe mahali mnapooshea sahani. Mtoto wa chini ya miaka mitano atazame kwa macho, asishike.

TULIPOFIKIA

Mdogo wetu alinunua kifaa cha wati 25 chenye kizimba. Alipima siku mbili kabla ya kutia vyura. Alitutumia tena sauti, na safari hii haikuwa yake: usiku dume huimba kwa sauti ndogo kama ya nzi aliyefungiwa ndani ya bokali, na binti yake aliinasa kwa telefone. Tulisikilizisha darasa, lakini safari hii kengele ilipolia hatukufunga somo. Tulimaliza kwanza.

Yule mwanafunzi bado anapenda vyura. Hatukumwadhibu, kwa sababu alifanya kile tulichomfundisha, na tulimfundisha nusu. Sasa yeye ndiye anayesoma kipimajoto cha besani kila asubuhi na kuandika namba ubaoni. Mama yake alikuja Ijumaa iliyopita, akatazama ubao: 24, 25, 24, 24, 25. Akauliza nani anapasha maji haya. Mtoto wake akajibu: “Hakuna, mama. Hapa kwetu inatosha.”

Wamama, leo usiku kabla ya kulala, ulizeni jambo moja tu: mbabula iko wapi? Na watoto wenu wakirudi kutoka shuleni wakisema “mwalimu amesema”, waulizeni mwalimu alisema nini mpaka mwisho. Kama hawajui, njoeni mtuulize. Tunafungua mapema.